Safu ya Katikati

Saa tatu na robo tunasimama.
Ndiyo sheria: asiketi mtu, maneno yasinenepe.
Ghorofa ya nne, Cluj, ukungu wa Novemba umegandamana na dirisha,
kila mmoja na kikombe chake, kila mmoja na maswali matatu:
jana nilifanya nini, leo nitafanya nini,
nini kimenikwamisha.

Hapo pa mwisho ndipo tunapodanganyana.
"Hakuna," anasema Dorin.
"Hakuna," anasema Ilinca, macho mekundu kwa kukesha.
"Hakuna," nasema mimi.
Horațiu hunyanyua bega tu, nasi tunampita
kama unavyopita chumba kilichozimwa taa.

Ubao una safu tatu.
Kushoto yanayongoja, kulia yaliyokwisha,
katikati yanayofanyika, na juu yake Ilinca kaandika TATU
kwa wino mwekundu, akapiga mstari mara mbili,
maana kiangazi tulikuwa na kadi kumi na mbili hapo,
sote tuna shughuli, shughuli tele,
na hospitali ya Linz haikupata hata kitufe kimoja.
Mshika mawili moja humponyoka.
Sisi tulishika kumi na mbili
tukabaki kunusa viganja.

Mama yangu alishona buti miaka thelathini na moja
kiwandani, ng'ambo ya mto Someș.
Mkanda ulipita mbele yake. Mkanda haukumjua.
Siku sindano ilipozama katika kidole cha Margit
msimamizi alisema: buti liende, damu itafutwa mbele.
Likaenda. Nani alilivaa, sijui.
Nilipomweleza kwamba kwetu yeyote,
hata kijana aliyeajiriwa Jumatatu,
akiona kasoro husimamisha kazi yote,
alicheka mpaka akavua miwani.
"Yeyote?"
"Yeyote."
"Na mmeshasimamisha mara ngapi?"

Nikaendelea kumenya viazi.

Kadi ya Horațiu ni ya manjano:
Tahadhari ya dawa mbili zisizopatana.
Kazi ya siku mbili. Ina siku kumi na tisa.
Gundi imechoka, imeshikizwa kwa utepe,
inatutazama kila asubuhi kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.
Mteja ameuliza. Bosi wa mteja ameuliza.
Dorin amewajibu, kwa upole wa barua pepe,
kwamba tunalishughulikia.

Jana usiku niliifungua kazi yenyewe.
Mistari arobaini safi, kisha mmoja uliokatika katikati,
kisha weupe.
Pale tunapoachiana maelezo ameandika:
rudi hapa baada ya hospitali.
Tarehe ishirini na tisa Oktoba.

Leo zamu yake ikafika, akanyanyua bega,
nami nikasema, "Simama!"
Neno la kipuuzi. Sote tulikuwa tumesimama.

"Baba," akasema, akikitazama kikombe. "Mapafu. Yuko Turda.
Nikitoka hapa, nafika wakifunga milango ya wageni."

Hatukuwa na swali la nne.
Ilinca akachukua kadi ya buluu,
akaandika: Baba yake Horațiu,
akaibandika katikati.
Zikawa nne.
Akautazama ule wino wake mwekundu, muda mrefu,
kisha akaing'oa ripoti ya mwezi,
ile aliyowaahidi Linz yeye mwenyewe,
akairudisha kushoto.

Horațiu alisahau skafu yake kitini.

Sitasema mzee alipona; bado yuko katikati,
na kadi ya buluu hatukujua tuiandikie nini
pale panaposema "imekwisha ikiwa".
Mimi na Dorin tulivuta viti viwili kwenye kibodi moja
tukaanzia ule mstari uliokatika.
Dawa ya moyo, dawa ya damu:
zikikutana, programu ipige kelele.
Saa saba ilikaa kimya.
Saa nane ilipigia kelele kila kitu, hata vitamini.
Saa kumi kasorobo ililia mahali pake.

Jioni nikampigia mama.
"Mara moja," nikamwambia.
Nilisikia sufuria, maji, redio ya jirani.
"Mara moja nini?"